Matokeo ya kidato cha sita yamegoma: urisiti (urudie mtihani) au usonge? Tupeane uzoefu

Wakuu, huu msimu kila kijiwe hapa Mwanza kina mshauri. Wanaozijua taratibu za kurisiti kama PC (mtahiniwa wa kujitegemea) washushe nondo, hasa kombi za sayansi.

Mzee wa Mwaloni
Acheni kwanza kuhesabu divisheni. NECTA, baraza la mitihani, wanajumlisha masomo matatu, A ni 1 mpaka F ni 7. TCU, tume ya vyuo vikuu, wanageuza: A 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na wanataka prinsipo (ufaulu wa A hadi E) mbili zifikishe 4. Kwa hiyo mwenye C, E, F ana Divisheni ya Tatu, pointi 15, na sifa ya chuo anayo. Mwenye D, E, S (S iko chini ya E, si prinsipo) naye ana 15 ileile, ila kwa TCU amebaki na 3. Huyu ndiye wa kufikiria kurisiti.

Binti Igoma
Naongezea hapo. Tuseme Bios D, Kemia E, Fizikia S. Wengi wanakimbilia S kwa sababu iko karibu: S ni 35 hadi 39, E inaanzia 40. Ikipanda, bado masomo mawili bora ni D na E, yaani 3! Cha kusukuma ni Kemia ifike 50, iwe D. Lakini kama macho yako chuo cha Bugando kwenye udaktari, lazima zote tatu ziwe prinsipo, S haikwepeki.

Fundi Maabara
Karatasi ya tatu, ile ya praktiko, ndiyo inawamaliza PC. Alama 50 si za kuchezea, na hazipatikani kwa kukariri, ni mkono. Kwenye titresheni, bureti (mrija wenye vipimo) isuuzwe kwa asidi itakayoingia humo. Maji yakibaki yanaipunguza nguvu na ujazo unasomeka mkubwa. Chupa ya chini inayodondoshewa asidi ni kinyume chake, isuuze kwa maji yaliyotoneshwa tu. Faneli iondoe kabla ya kusoma, na kiputo cha hewa kwenye ncha kitoe mapema, kikitoka katikati ya kazi nacho kinakuongezea ujazo wa uongo. Kabla ya kulipia kituo cha mtihani, uliza wanaingia maabara mara ngapi kabla ya mtihani wa Mei na kemikali zinanunuliwa na nani. Wakikwambia "praktiko ni wiki ya mwisho", hama.

Mkerewe
Usajili wa PC huwa unaanza Julai, kipindi hichohicho maombi ya vyuo yanafunguliwa. Fanya yote mawili. Na wa visiwani, kituo chagua pale utakapolala Mei. Karatasi ya asubuhi haisubiri meli ya Nansio.

Mzee wa Mwaloni
Asiyetaka kurisiti, Chuo Kikuu Huria wana kozi ya msingi, na tawi lipo hapa hapa mjini. Anayerisiti, jina liwe kama la cheti cha kidato cha nne, herufi kwa herufi.