Ngoma iliyobunguliwa, ngozi bado imewambwa: friza au kunyimwa oksijeni?

Mtunza_Ghala

Wadau, salaam. Nahitaji ushauri kabla hatujagusa kitu.

Ni ngoma iliyochongwa kwenye gogo moja, urefu sentimita 110, kipenyo kama 40, wazi upande wa chini. Ukuta wa mbao una unene wa sentimita 4 hivi. Ngozi ni ya asili, bado imekaza, imeshikiliwa kwa misumari ya chuma ambayo baadhi imeanza kutu. Kiunoni kuna mkanda wa rangi ya buluu iliyokolea na nyeupe, na nyeupe inabanduka kidogo. Matundu ni ya milimita 1 hadi 2, mengi yako mguuni, na kwenye rafu chini yake kumeonekana unga mpya.

Friza ya kulala tunayo, inafika nyuzi 20 chini ya sifuri. Baadhi ya wenzetu wanataka ipuliziwe dawa au ipakwe mafuta ya taa mambo yaishe. Maswali yangu: friza inafaa kwa kitu chenye ngozi? Kama haifai, mfuko wa kuondoa oksijeni unapigiwa hesabu vipi? Na matundu yazibwe lini?

Kipekecho

Kwanza itenge. Ifunge leo hii kwenye karatasi ya politheni, viungo vyote vibandikwe kwa utepe, itoke kwenye ghala pamoja na unga wake. Kisha kagua majirani zake wa rafu hiyo hiyo na rafu ya juu yake, maana unga huanguka kutoka juu na mara nyingi anayelaumiwa siye.

Pili, unga kuwapo si ushahidi kwamba wadudu wako hai. Ngoma ya zamani iliyokufa wadudu miaka mingi iliyopita itamwaga unga kila inapobebwa. Tundu jipya lina kingo kali na ndani ni jeupe kama mbao iliyokatwa sasa hivi. La zamani limefifia na lina vumbi. Fyonza unga wote, simamisha ngoma juu ya karatasi nyeusi, andika tarehe, usiiguse kwa wiki 3 au 4. Kwa matundu ya ubavuni, bandika juu yake kipande cha karatasi ya tishu kwa gundi ya wanga au ya methili selulosi (sehemu zisizo na rangi tu). Mdudu akitoka ataitoboa.

Huo unga usiutupe. Uweke chini ya lenzi ya mara 10 utuambie ukoje. Ukiwa laini kama poda ya mtoto, ni wale bungua wadogo wa jamii ya Lyctus, wanaokula sehemu changa ya mbao za miti ya majani mapana kwa ajili ya wanga uliomo. Ukiwa na chembechembe zinazokwaruza vidoleni, zenye umbo la limau, ni jamii ya Anobium. Chembe zinazolingana, za kama milimita moja, zenye pande sita kama penseli: hao si bungua kabisa, ni mchwa wa mbao kavu, na hapo jengo lenyewe likaguliwe. Jamaa ya dumuzi hutoboa matundu makubwa zaidi, milimita 3 na kuendelea, kwa hiyo hao sidhani.

Vaa glavu za nitrili kabla ya kuushika. Makusanyo ya zamani yalipakwa aseniki, kloridi ya zebaki, na baadaye dawa ya wadudu ya DDT, na ngozi ndiyo iliyopakwa zaidi. Kipimo cha eksirei cha mkononi kitakuonyesha aseniki na zebaki, lakini DDT hakiioni, kwa hiyo jibu la "hakuna kitu" lisikufanye uvue glavu. Mashine ya kufyonza vumbi iwe na kichujio cha HEPA, kile kinachonasa vumbi laini kabisa. Isiyo nacho inarusha sumu chumba kizima.

Barafu_Kavu

Kuhusu friza: kwa mbao tupu ningesema ndiyo bila kusita. Kwa ngoma hii, hapana.

Utaratibu wenyewe, kwa faida ya wengine wenye vinyago na vigoda: kitu kinafungwa kwa karatasi ya tishu isiyo na asidi, kinaingia kwenye mfuko wa politheni, hewa inakamuliwa kadiri inavyowezekana, mfuko unazibwa pande zote. Tishu na mbao ndizo zinazomeza unyevu hewa inapopoa. Ukiacha hewa nyingi mfukoni, unyevu huo unaganda juu ya kitu. Kwa nyuzi 30 chini ya sifuri, siku 3 zinatosha. Kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, wiki 2. Siku zinahesabiwa kuanzia kiini cha mbao kilipofika joto hilo, si kuanzia ulipofunga mlango. Mbao ni kizuizi kizuri cha joto, na gogo nene linaweza kuchukua siku nzima au zaidi, kwa hiyo ingiza kihisi joto kwenye ufa mmoja. Friza isijazwe pomoni, kwa sababu kupoa kwa pole kunawapa wadudu nafasi ya kuzoea baridi. Ukitoa, mfuko usifunguliwe kwa saa 24 au zaidi, mpaka kitu kirudie joto la chumba. Maji yatatanda nje ya mfuko, na hapo ndipo yanapotakiwa kuwa.

Sasa kwa nini si ngoma: ngozi iliyokazwa na mbao iliyoibeba hazisinyai kwa kiasi kimoja. Katika baridi ngozi inapoteza unyumbufu wakati ule ule mkazo unapoongezeka, na inachanika pale palipo dhaifu, yaani kwenye matundu ya misumari, tena penye kutu ambayo imeshaila ngozi. Rangi inayobanduka nayo haihitaji msukosuko huo. Kama ngozi ingekuwa imeshalegea au imechanika, ningekuwa na jibu jingine.

Mafuta ya taa: hapana, hapana. Yanapenya na hayatoki, yanatia doa mbao na ngozi, yanalainisha rangi, na lava (mtoto wa bungua) aliye sentimita 2 ndani hata habari hana. Dawa ya kupulizia nayo inabaki juu, inamwua yule anayetoka tu, na inakuachia kitu chenye sumu mpya juu ya ya zamani.

Mtunza_Ghala

Asanteni. Unga ni laini kabisa, unateleza kama poda, hauna chembe. Na karatasi ya tishu tuliyobandika mguuni imeshatobolewa mara mbili. Kwa hiyo wako hai. Naomba sasa hesabu ya mfuko.

Mfuko_Mmoja

Basi ni Lyctus, na njia yako ni kunyima oksijeni. Lengo ni oksijeni chini ya asilimia 0.3 kwa siku 21 mfululizo, joto likiwa nyuzi 25. Chumba kikiwa nyuzi 20, nenda wiki 5, kwa sababu mdudu aliyepoa anapumua kidogo na anavumilia zaidi. Siku zinaanza kuhesabiwa oksijeni ikishashuka.

Mfuko: politheni ya kawaida haifai, oksijeni inapita. Unahitaji filamu ya kizuizi, ama ile ya wazi yenye tabaka la kauri (Escal) au ile yenye tabaka la alumini (Marvelseal). Ya alumini ni imara zaidi lakini huoni ndani, kwa hiyo iachie dirisha la filamu ya wazi.

Hesabu. Chukulia mfuko ni kama boksi la sentimita 45 × 45 × 115: lita 233. Mbao yenyewe, kwa ukuta wa sentimita 4, ni kama lita 50. Hewa iliyobaki, pamoja na ile ya tumboni mwa ngoma, ni lita 180 hivi. Oksijeni ni asilimia 21 ya hiyo, yaani lita 38. Pakiti ya kufyonza oksijeni ya aina ya Ageless Z-2000 inameza lita 2, kwa hiyo ni pakiti 19. Ongeza theluthi, kwa sababu vinyweleo vya mbao vimejaa hewa na kila mshono unavuja kidogo: weka 25.

Mambo yanayoharibu kazi hapa ni haya. Pakiti ni unga wa chuma unaopata kutu kwa haraka, na zinapata moto. Zipange moja moja kwenye trei pembeni, zisirundikwe, zisiguse ngozi wala rangi. Zisifunguliwe mpaka kila kitu kiko tayari na umebakiza mshono mmoja tu. Pili, lita 38 zikimezwa, mfuko unanywea kwa kiasi hicho hicho. Ukiubana tangu mwanzo utaivuta ngozi ya ngoma na kukwangua ile rangi nyeupe. Uache mlegevu, na uweke fremu nyepesi kuizunguka ngoma ili filamu isiilalie. Vichwa vya misumari vifunikwe kwa kipande cha povu la politheni, maana tundu la sindano linatosha kuharibu wiki zote tano.

Mshono uwe miwili, sambamba, umbali wa sentimita 1. Jaribu joto la koleo la kuzibia kwenye kipande cha filamu kwanza: mshono mzuri ukiuvuta, filamu inachanika kabla mshono haujaachia. Ndani weka kidonge cha kiashirio (cha pinki oksijeni ikiwa asilimia 0.1 au chini, buluu ikizidi 0.5), lakini kidonge huzeeka na kudanganya, kwa hiyo kipimo cha oksijeni kikipatikana kitumike.

Ukiwa na mtungi wa naitrojeni, unaweza kuifukuza hewa kwanza mpaka oksijeni ibaki asilimia 1. Hapo kuna lita 1.8 tu za kumezwa, pakiti 4 au 5 zinatosha pamoja na akiba, na mfuko haunywei. Ila naitrojeni ya mtungi ni kavu kabisa. Ukiielekeza moja kwa moja kwenye ngozi iliyokazwa, utaisikia ikipasuka. Igawe mikondo miwili, mmoja upite kwenye chupa ya maji, mwingine mkavu, kisha ikutane na upimwe unyevu kabla ya kuingia mfukoni. Chumba kiwe na hewa ya kutosha na king'ora cha oksijeni, kwa sababu naitrojeni haina harufu na haimwonyi mtu.

Barafu_Kavu

Naongezea kwenye unyevu, maana kwa kitu cha ngozi ndilo jambo lenyewe. Hizo pakiti za Ageless Z zina maji ndani na zinaweza kupandisha unyevuanga mfukoni. Weka jeli ya silika (chembe zinazomeza na kutoa unyevu) iliyokwisha kuzoezwa kwenye unyevuanga ule ule wa ghala lenu, na kipimo kinachosomeka kupitia dirishani. Usifukuzie asilimia 50 za vitabuni kama ngoma imekaa miaka kwenye 62. Shuka ghafla, ngozi inasinyaa na kukaza. Panda, inalegea. Na joto la chumba lisiyumbe usiku na mchana.

Chembe_ya_Rangi

Hakuna aliyeuliza kuhusu buluu! Kama ni buluu ya Prussia, rangi iliyoanza kutengenezwa mwanzoni mwa karne ya 18, hufifia pasipo oksijeni, na mwanga huichochea. Ikirudishiwa hewa huwa inarudi, lakini si jambo la kuchezea. Chukua chembe ndogo kuliko kichwa cha pini kutoka ukingo uliokwisha kubanduka, iweke kwenye kioo, dondoshea hidroksidi ya sodiamu iliyozimuliwa. Ikigeuka kahawia, ni yenyewe. Ultramarini na nili haziendi kahawia hivyo.

Ikiwa ndiyo, kazi bado inaendelea, ila mfuko ufunikwe kitambaa cheusi siku zote, dirisha lifunuliwe sekunde chache za kusoma kipimo. Piga picha yenye kadi ya rangi kabla na baada. Na ile nyeupe inayobanduka ishikizwe kabla ya kuingia mfukoni, si baada.

Kipekecho

Kuhusu matundu: usizibe sasa. Tundu lililozibwa halikuambii kitu. Baada ya matibabu fyonza unga wote, piga picha, rudia karatasi nyeusi, subiri mwaka mzima upite. Kunyima oksijeni hakuachi kinga yoyote, wadudu wapya wakiwapo ghalani watatoboa tena kesho yake. Binafsi naona matundu mengi hayahitaji kuzibwa kabisa.

Mguu uliooza kwa kubunguliwa ni swali jingine. Uulize kwanza kama kweli unahitaji kubeba uzito. Kitako cha povu la politheni kilichokatwa kwa umbo la ngoma, kikibeba sehemu nzima ya mbao juu ya mguu, kinaweza kumaliza tatizo bila tone la kemikali. Ikibidi kuimarisha, tumia resini ya akriliki ya Paraloid B-72 iliyoyeyushwa kwenye asetoni na ethanoli, gramu 5 kwa mililita 100 kwa awamu ya kwanza ili ipenye, kisha gramu 10. Ingiza kwa sirinji kwenye matundu, taratibu, huku mwenzako akitazama upande wa pili: mahandaki yameungana, na utakachosukuma mguuni kinaweza kutokea karibu na rangi, ambayo asetoni itaiyeyusha. Ziba matundu ya juu kwa pamba kabla. Kisha ufunge mguu kwa politheni siku kadhaa ukauke polepole, la sivyo asetoni inapotoka inairudisha resini juu, na unapata ganda linalong'aa na ndani bado ni unga. Resini hii hulainika kwenye nyuzi 40 hivi, kwa hiyo ghala lenye bati la jua kali litaifanya inase vumbi.

Mtunza_Ghala

Tone la hidroksidi limegeuka kahawia ndani ya dakika moja. Kitambaa cheusi kimeandaliwa, unyevuanga wa ghala ni asilimia 60, jeli inazoezwa hapo. Nyeupe tunaishikiza kwanza. Nitaandika usomaji wa oksijeni hapa tukishaziba.