Tupeane uzoefu: kompyuta ya zamani inayogoma kuzima

Mwanzisha mada, Mwanjelwa, Mbeya

Ndugu zangu, habari za majukumu. Ninaendesha steshenari ndogo hapa Mwanjelwa, na kompyuta ninayoitegemea ni ya mezani, niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika, ikiwa na Windows 7. Msaada wa Windows 7 ulipositishwa mwezi Januari 2020, kijana mmoja alinipandishia Windows 10 juu yake. Kwa kuchapa, kutoa nakala na kujaza fomu za wanafunzi haijawahi kuniangusha. Shida yake huanza jioni. Ninapoiamuru izime, kioo huwa cheusi kama kawaida, lakini taa ya mbele hubaki inawaka na feni huendelea kuzunguka, hata nikisubiri mpaka nimalize kufagia na kufunga madirisha. Mwisho wake hushikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime kwa nguvu, na siku nikiwa na haraka ya daladala ya Uyole, naona aibu kusema, huzima swichi ya ukutani.

Mafundi wawili wamenipa jibu lilelile, kwamba ipigwe Windows upya. Kwa kuwa humo ndani mna kazi za wateja za miaka kadhaa, ningependa kwanza kuwasikia waliowahi kukutwa na hali hii: mashine yako iligomea wapi, chanzo ulikigunduaje, na ulifanya nini? Nawaomba tuelezane yaliyotukuta wenyewe.

Fundi, Miyomboni, Iringa

Mkuu, hao wenzangu wawili wamekimbilia mbali mno. Wateja wanaoniletea mashine husema tu kwamba "haizimi", nami huwaomba wanionyeshe, kwa sababu ndani ya neno hilo mna magonjwa yasiyofanana. Ipo inayokwama kwenye maandishi ya kuzima huku kiduara kikizunguka bila kikomo. Hiyo kwa kawaida inasubiri programu au huduma fulani ijifunge. Ipo ambayo kioo kinazima lakini feni inaendelea, kama yako. Hapo Windows imekwisha kumaliza sehemu kubwa ya kazi yake, na kilichogoma ni makabidhiano ya mwisho kati yake na ubao mama, ule ubao mkuu wa ndani unaounganisha vifaa vyote. Chanzo huwa ni draiva za umeme (draiva ni programu ndogo inayoiwezesha Windows kuelewana na kifaa), bayosi, yaani programu ya msingi iliyomo kwenye ubao mama wenyewe, au kitu kilichochomekwa nyuma. Ipo pia inayozima kabisa, halafu baada ya muda mfupi ikawaka yenyewe.

Kwa hiyo jaribu kwanza kuiwasha upya badala ya kuizima. Kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012, Windows ina utaratibu wa kuanza kwa haraka, ambapo ukiizima haizimi yote: hufunga kazi za mtumiaji, lakini hali ya kiini cha mfumo huihifadhi kwenye diski ili kesho yake iamke upesi. Ukichagua kuwasha upya, kila kitu hufungwa kikamilifu. Mashine ikiwa inawaka upya bila tatizo lakini inagoma kuzima, utaratibu huo uwe mshukiwa wako wa kwanza. Ili kuujaribu, shikilia kitufe cha Shift unapobofya kuzima, na hapo Windows itazima kikamilifu bila kuihifadhi hali hiyo ya kiini. Ukiona tofauti, ingia kwenye mipangilio ya umeme, sehemu inayoeleza vitufe vya umeme vifanye nini, uondoe alama kwenye kuanza kwa haraka.

Kuhusu yaliyonikuta mwenyewe: nilipoteza siku mbili kwenye mashine ya mteja kutoka Mufindi iliyokuwa ikizima na kuwaka tena. Nilibadilisha draiva, nikazima ruhusa ya kadi ya mtandao kuiamsha mashine, nikaondoa hata ule mpangilio unaoiagiza Windows ijiwashe upya yenyewe inapopata hitilafu, nikitegemea kwamba kioo cha bluu kitajitokeza na kunieleza kinachoendelea. Hakikujitokeza. Mwishowe nilichomoa zile nyaya mbili zinazotoka kwenye kitufe cha mbele kwenda kwenye ubao mama, na mashine ikazima ikatulia. Kitufe kilikuwa kimejaa vumbi na unyevu, kikawa kinagusa ndani bila kubonyezwa na mtu. Siku mbili zote hizo, na dawa ilikuwa brashi na kitambaa kikavu.

Mwalimu, Tukuyu

Kaka wa Mwanjelwa, pole. Yetu ilikuwa ya aina ile ya kwanza aliyoitaja fundi. Ilikuwa wakati wa kuandaa mitihani ya muhula, na kompyuta ya ofisi ya taaluma ilikaa kwenye maandishi ya kuzima kwa dakika ishirini, wakati mwingine mpaka mlinzi anakuja kuuliza kama kuna mtu bado yumo. Kwa kuwa huku kwetu mvua na radi haviagi, hakuna aliyekuwa tayari kuiacha inawaka usiku kucha.

Niligundua chanzo kwa bahati. Jioni moja nilichomoa waya wa printa ili niihamishe meza, na kompyuta iliyokuwa imekwama ikazima palepale. Nilipoiwasha asubuhi na kufungua foleni ya kuchapa, nilikuta kazi kumi na moja za zamani ambazo hazikuwahi kuchapwa wala kufutwa, na nilipojaribu kuzifuta ziliandika kwamba zinafutwa, kisha zikabaki palepale. Nilisimamisha huduma ya uchapaji kwenye orodha ya huduma za Windows, nikafuta mafaili yote yaliyokuwa ndani ya folda ya PRINTERS iliyomo kwenye folda ya spool, chini ya System32, kisha nikaiwasha huduma tena. Folda yenyewe usiifute, futa kilichomo tu. Tangu siku hiyo haijawahi kuzidisha dakika moja.

Mkulima na mfanyabiashara, Kyela

Mimi nilihangaika bure. Kompyuta ilikuwa imezima vizuri, ila taa nyekundu ya kipanya iliendelea kuwaka, nikadhani imegoma. Mtu aliyenielewesha aliniambia kwamba kisanduku cha umeme kikiwa kimechomekwa kwenye soketi hutoa volti 5 za akiba hata mashine ikiwa imezimwa, na baadhi ya matundu ya USB huzitumia. Feni ikiwa imesimama, nenda kalale.

Karani wa ushirika, Makambako

Naomba nizungumzie ile swichi ya ukutani, maana mwanzisha mada ameitaja kama jambo dogo. Mimi nilikuwa na tabia hiyohiyo kwa miezi mingi, na kila asubuhi mashine iliwaka kama vile hakuna kilichotokea, nikajiaminisha kwamba haidhuriki. Kisha ikafika asubuhi ambayo faili la hesabu za wakulima wa viazi lilikataa kufunguka. Nakala niliyokuwa nayo kwenye flashi ilikuwa ya wiki tatu nyuma. Tuliingiza stakabadhi upya, moja baada ya nyingine, mimi na binti wa mapokezi, kwa siku nne, huku wakulima wakisubiri malipo nje na baridi ya mwezi wa saba ikiwachoma.

Fundi aliyekuja alinifungulia daftari la matukio la Windows, mahali ambapo mashine hujiandikia kila kinachotokea, akanionyesha mistari mingi yenye namba 6008. Hiyo ndiyo namba inayoandikwa mashine inapowaka na kugundua kwamba mara ya mwisho haikuzimwa kwa utaratibu. Nilijiona kama mtoto aliyeandikiwa makosa yake yote na tarehe zake. Aliendesha chkdsk kukagua diski kuu, na baadhi ya sehemu zilikuwa zimekwisha kuharibika, ingawa siwezi kusema kwa hakika kama zote zilitokana na mimi au na umri wa diski.

Ikikubidi kuizima kwa nguvu, hifadhi kwanza kazi zako na ufunge programu zote, kisha ushikilie kitufe kwa sekunde nne au zaidi. Si njia nzuri, ila angalau hakuna faili litakalokuwa wazi.

Mstaafu, Makete

Wanangu, mimi ni wa enzi za Windows 98. Mashine yetu ilikuwa inazima yenyewe, halafu ghafla ikaanza kuishia kwenye maandishi yanayosema kwamba sasa ni salama kuizima, ikingoja mtu abonyeze kitufe. Wakati huohuo tarehe ikawa inarudi nyuma kila tukiiwasha. Kumbe betri ndogo ya ubao mama, ile ya CR2032 ya volti 3, ilikuwa imekufa, na bayosi ikarudi kwenye mipangilio ya kiwandani ambamo usimamizi wa umeme ulikuwa umezimwa. Tuliagiza betri kutoka Mbeya mjini, tukaiweka, tukaurudisha mpangilio, kazi ikaisha.

Mhasibu wa kiwanda cha mbao, Mafinga

Mimi nilihamia Linux, mfumo unaotumika badala ya Windows, na huko mashine hukuambia inachokisubiri, jambo ambalo nalipenda. Yangu ilikuwa ikihesabu mpaka sekunde 90 kila nikiizima, na muda huo ndio ambao mfumo huzipa huduma zake kabla ya kuzifunga kwa lazima. Wengi hushauri kuupunguza. Mimi nilisoma jina la kilichokuwa kikisubiriwa, nikakuta ni folda ya mtandao iliyopo kwenye kompyuta ya ofisi ya pili, ambayo mwenzangu huizima kabla yangu. Sasa mimi ndiye ninayetangulia kuzima, na sikugusa mpangilio wowote.

Fundi, Miyomboni, Iringa

Narudi kidogo. Mkuu wa Mwanjelwa, kwa kuwa mashine yako ilipandishwa kutoka Windows 7, fungua orodha ya vifaa, sehemu ya vifaa vya mfumo, utafute kifaa kinachoitwa Management Engine Interface, kisha usome toleo la draiva yake. Kwenye mashine za umri huo nimekuta mara kadhaa kwamba Windows 10 imeweka toleo la 11, ambalo ubao mama wa zamani hauelewani nalo, na dalili yake ni hiyohiyo ya kioo cheusi na feni inayozunguka. Ingia kwenye tovuti ya aliyeitengeneza kompyuta, tafuta ukurasa wa modeli yako hasa, upakue toleo la 9 au la 10, uliweke mahali pa hilo.

Mwanzisha mada, Mwanjelwa, Mbeya

Wakuu, mwalimu, mzee wetu wa Makete, shikamoo na asanteni. Nimefuata maelekezo kwa mpangilio, na matokeo ni haya. Nilichomoa kila kitu cha USB, haikusaidia. Kuwasha upya kulikwenda vizuri. Kwa kitufe cha Shift feni iliendelea kuzunguka, hivyo nikakata tamaa kidogo. Nilipouondoa utaratibu wa kuanza kwa haraka ilizima siku mbili, ya tatu ikagoma. Ndipo nikatazama ile draiva, nikakuta kweli ni toleo la 11. Nililiondoa, nikaweka la 9 kutoka kwenye ukurasa wa modeli yangu, na jioni ile nilisikia feni ikipunguza mwendo mpaka ikanyamaza kabisa.

Baada ya wiki moja tatizo lilirudi. Nilikaribia kumpigia simu yule kijana aje apige Windows, lakini nilipotazama tena nikaona kwamba masasisho ya Windows yalikuwa yamerudisha toleo la 11 bila kuniuliza. Nimeliweka tena la 9, na safari hii nimeficha sasisho hilo ili lisijipakie. Leo ni siku ya kumi na mbili na inazima kila jioni. Betri ya ubao mama nayo nimeibadilisha, kwa kuwa saa yangu ilikuwa ikichelewa, ingawa kwenye kuzima haikuongeza kitu. Karani, nakala za kazi za wateja nimezihamishia kwenye diski ya nje jana usiku.