Naomba ushauri: programu ya kujaribia ramani ya gemu

Ndugu wanachama, salaam kutoka Kigoma. Ninatengeneza gemu ambalo mchezaji anatoka stesheni ya reli na kushuka mbio hadi bandarini, na kabla ya kuchora chochote cha kupendeza nataka kuijaribu ramani kwa maboksi matupu, ili nijue kama mteremko huo unachezeka. Kompyuta yangu ina RAM ya GB 4 tu. Nimetumia maumbo ya CSG (maumbo sahili yanayounganishwa au kukatana) ndani ya Godot, programu ya kutengenezea gemu, lakini maboksi yakishakuwa mengi, kusogeza ukuta mmoja kunaifanya mashine ikwame. Blender, programu ya kuundia maumbo ya 3D, ninaimudu, ila kuhamisha faili kwa kila badiliko dogo kunachosha. Je, TrenchBroom, programu ya kujengea ramani za gemu kama Quake, inafaa kwa eneo la wazi lenye miteremko, au ni ya vyumba na korido tu? Na mlioiunganisha na Godot, vipimo mliviwianisha vipi?