Mtoto wa miezi saba kwa bibi, wazazi Bagamoyo usiku mmoja: kosa liko wapi?

Mleta mada

Mdogo wangu na mumewe walimwacha mtoto wao wa miezi saba kwa bibi mzaa mama, Kimara, Dar es Salaam, Jumamosi mchana, wakaenda kulala Bagamoyo. Jumapili adhuhuri walikuwa wamesharudi. Mtoto mzima, ameshiba, hana habari. Balaa limeletwa na status: picha moja tu, miguu yao imenyooshwa kuelekea baharini. Haikupita saa, kundi la ukoo likawaka moto. "Mama gani huyu?" "Dunia imekwisha." Shangazi wa upande wa mume ameitisha kikao.

Mimi nasema hawana kosa. Anayepinga apinge kwa hoja.

Mdogo wangu ni mwajiriwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 akizaa mapacha. Hesabuni wenyewe: mtoto hajatimiza hata miezi mitatu, mama anatoka nyumbani alfajiri kuwahi mwendokasi, anarudi giza limeshaingia. Anayeshinda na mtoto ni dada wa kazi, binti ambaye katika ukoo mzima hakuna anayejua kwao ni wapi. Sheria hiyohiyo inamruhusu mama hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha, lakini nani atatoka Posta mpaka Kimara, anyonyeshe, arudi kazini ndani ya muda huo? Kwa hiyo mtoto anashinda bila mama siku tano kwa wiki, na sijasikia shangazi yeyote akiitisha kikao. Imekuwa dhambi siku alipoachwa na bibi yake wa damu, kwa sababu safari hii mama hakwenda kutafuta hela. Alikwenda kupumzika na mumewe.

Halafu anayesemwa ni yeye tu. Mume naye alilala Bagamoyo, au alilala wapi?

Bi Mkubwa wa Pangani

Mwanangu, ya ofisini nimeyasikia. Sisi huku mzazi hupewa mapumziko yake mwanzoni. Uzazi wa kwanza mtu hurudi kwao, akakandwa kwa maji ya moto, akapikiwa, mtoto akaogeshwa na wakubwa, mpaka arobaini itimie. Nyinyi arobaini mmeikata, mnalea peke yenu vyumba viwili, mkichoka mnakimbilia hoteli.

Sisemi mtoto kadhurika. Nasema usiku wa mtoto anayenyonya ni wa mama yake. Tena mambo haya yalikuwa na stara. Wakubwa walichunga hata siku ya mume kurudi chumbani, kwa kuhofia mtoto asibemendwe. Leo mnatutangazia kwa picha! Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Nesi, kliniki ya mama na mtoto

Bi Mkubwa, shikamoo. La kubemenda naomba tuliweke pembeni. Mtoto anadhoofu kwa utapiamlo na maradhi, si kwa wazazi wake kulala pamoja. Akipungua uzito mleteni apimwe, msikae mkitafuta nani kakosea chumbani.

Swali la kosa au si kosa nawaachia. Mimi nauliza walijiandaaje. Kabla ya miezi sita mtoto anatakiwa maziwa ya mama pekee, bila hata maji, kwa hiyo safari ya namna hii ni ngumu zaidi. Miezi saba tayari anakula, bibi anaweza kumpa uji mzito na ndizi ya kuponda, lakini maziwa bado ndiyo chakula chake kikubwa. Yaliyokamuliwa hukaa nje kwa muda usiozidi masaa manne, kama joto halizidi nyuzi 25. Hapa Dar nyuzi 25 mchana mtazitoa wapi? Yawekwe kwenye friji, humo hukaa hadi siku nne. Kuyapasha, chombo kitumbukizwe kwenye maji ya moto, yasichemshwe jikoni. Kumnywesha kwa kikombe kisafi ni salama kuliko chupa, maana chupa ni shida kusafisha. Na bibi aambiwe mapema: asali hapana mpaka mtoto atimize mwaka, hata akikohoa. Kadi ya kliniki ibaki na mtoto, isisafiri kwenye pochi ya mama.

Mama naye akifika huko akamue saa zilezile ambazo mtoto angenyonya. Asipokamua, matiti yatajaa na kuuma, yanaweza hata kupata uambukizi, na mapumziko yote yataishia kwenye homa.

La mwisho linawakuta wengi. Kunyonyesha kunakinga mimba kwa masharti matatu kwa pamoja: mtoto awe chini ya miezi sita, mama awe hajaona siku zake, na mtoto awe ananyonya tu, usiku na mchana, bila kukaa muda mrefu hajanyonya. Wa miezi saba sharti la kwanza limeshavunjika. Wanaokwenda Bagamoyo wapitie kwetu kwanza, la sivyo tutawafungulia kadi mpya.

Baba wa Kisauni

Mimi napinga, na sababu zangu si za mila. Ikiwa aliyechoka ni mama, kwa nini baba asibaki na mtoto, mama akaenda kulala kwa shoga yake? Huku Kenya sheria ya ajira ya 2007 inampa baba wiki mbili. Huko kwenu siku tatu, nasikia. Siku tatu hujajua hata nepi inafungwa vipi. Ndiyo maana kila mapumziko ya mke lazima bibi aitwe.

Bibi wa Wajukuu

Mnajadiliana kama vile bibi ni kabati, unaweka mtoto unafunga. Mimi nina presha, magoti hayanipi, na Jumamosi ni siku yangu ya kikoba. Wanangu hunipigia Ijumaa usiku: "Mama, tunakuletea mtoto kesho." Hiyo ni taarifa, siyo ombi. Wajukuu nawapenda, na usiku wakilia naamka. Ila niulizwe, tena mapema, na nikisema wiki hii siwezi, nisinuniwe.

Mleta mada

Bibi, yule wa Kimara aliulizwa wiki nzima kabla, akakubali mwenyewe. Angekataa, safari isingekuwepo. Bi Mkubwa, picha imefutwa, ingawa aliyeiweka ni mume. Baba wa Kisauni, hoja yako sina la kuijibu, isipokuwa kwamba hawa wawili walitaka kuzungumza kama mke na mume, jambo ambalo tangu mtoto azaliwe wanalifanya kwa simu, mmoja akiwa kwenye foleni.

Kikao ni Jumapili hii saa kumi. Ameitwa mke na mama yake mzazi. Mume hakuitwa. Nitakwenda naye hivyohivyo, na nikipewa nafasi nitamuuliza shangazi: Jumatatu mpaka Ijumaa, yuko tayari kushinda na mtoto siku zipi?