Mke akipigwa, wa kwanza kuitwa ni mchungaji au polisi?

Wadau wa Moshi, swali hili najua litanigombanisha na wazee wa usharika wangu, lakini acha niulize.

Mama kapigwa usiku. Kukicha anaitwa mchungaji. Anafika na mwinjilisti na mzee wa kanisa wa mtaa, chai inamiminwa, mume anaomba radhi, wanafunga kwa maombi. Mwezi haujaisha, chai nyingine. Mimi nasema huyo mama aanzie polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, apewe PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali), akatibiwe. Mchungaji afuate.

Simdharau mchungaji. Tangu wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, wafike huku Kilimanjaro mwaka 1893, yeye ndiye anayebatiza, anatoa kipaimara, anafungisha ndoa na kuzika. Ndiye anayemwandikia mtoto barua ya kuombea ufadhili. Ndugu wakigombania mpaka wa kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, anaitwa yeye. Desemba watu wakipanda kutoka Dar, sijui kama huwa analala. Maneno ya ndani ya nyumba ayasuluhishe, hiyo ni kazi yake. Kipigo ni jinai. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo.

Na kuna hili linalowapotezea watu miaka. Kifungu cha 101 kinataka shauri lipite kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa, nalo lithibitishe kuwa limeshindwa, ndipo talaka iombwe mahakamani (isipokuwa hali chache ambazo sheria imezitaja). Kata ina baraza hilo. Baraza la dini nalo linakubalika, ila liwe limetambuliwa na waziri. Vikao vya sebuleni havihesabiki, hata vikiwa ishirini.

Karibuni.

*Mzee wa kanisa, Machame:*
Mangi, unaongea kama mtu wa mjini. Baba akilala mahabusu, ada ya watoto analipa nani? Kihamba ni cha ukoo wa mume, huyo mama akitoka hapo anakwenda wapi? Zamani mkosaji alikuja na jani la sale, jani letu Wachaga la kuombea msamaha, na ukilikataa ukoo wote unakushangaa. Mchungaji ameingia mahali pa sale. Polisi hawajui kurudisha watu mezani, wanajua kufungua jalada.

*Mama, Mwika:*
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, hilo jani nimelipokea mara nyingi mno. Mimi mchungaji wangu namtetea, kwa sababu alipoliona jicho langu alinipakia kwenye gari lake mpaka kituoni, halafu akarudi kukaa na mume wangu. Lakini hamkuuliza nani alimpigia simu. Si mimi. Ni mama mkwe, alfajiri, ili nisitoke nyumbani na lile jicho nikaonekana barabarani. Alidhani mchungaji anakuja kuninyamazisha.

*Kijana, Soweto ya hapa Moshi:*
Hapo ndipo penyewe. Na kama mpigaji ni mzee wa kanisa?

*Mtoa mada:*
Mama Mwika, pole sana, na umenisogeza. Nilikuwa nabishana juu ya nani atangulie, kumbe anayemwita mchungaji mara nyingi ni upande wa mume, na mwenye jeraha anakuta kikao kimeshaketi. Basi nabadili hoja: mchungaji akiitwa kwa kipigo, kabla ya chai amtoe mama pembeni, amuulize anataka kwenda wapi, na asiondoke bila kumsindikiza akitaka polisi au hospitali. Usuluhishi uanze mama mwenyewe akiutaka.

Mzee wa Machame, suala la kihamba na ada ni zito, sina jibu lake la haraka. Lakini mahakama ikivunja ndoa ina mamlaka ya kugawa mali waliyochuma pamoja, na nyumba waliyojenga wote wawili imo. Kwenye vikao vyenu hilo mama huwa anaambiwa?

Kijana wa Soweto naye hajajibiwa.