Darasa la tatu, watoto 118: wanaitikia vizuri, madaftari yanasema jingine. Walimu wazoefu mnaamini nini?

Mgeni_wa_Uvinza

Habari za jioni walimu wenzangu. Nimeajiriwa mwaka huu na kupangiwa shule ya kijiji wilaya ya Uvinza, mkoa wa Kigoma. Kwetu ni Mbeya, Kiha sijui hata salamu. Nimekabidhiwa darasa la tatu, Hisabati na Kiswahili. Waliosajiliwa ni 118. Madawati hayatoshi, wengine wanakaa sakafuni mbele ya ubao.

Shida yangu ni hii. Nikifundisha, darasa linachangamka. Nikiuliza "mmeelewa?" wanaitikia "ndiyooo mwalimu" mpaka darasa la pili wanasikia. Nikitoa zoezi na kukusanya madaftari, waliopata ni kama robo. Wapo waliolinakili swali wakaishia hapo, na wapo waliojumlisha na tarehe ya ubaoni humo humo. Sasa tuko kwenye kutoa namba za tarakimu mbili na nahisi nawaburuza.

Chuoni tulisisitiziwa ufundishaji shirikishi: makundi, bungua bongo, igizo dhima. Nimejaribu makundi, nikabaki natuliza kelele kipindi kizima. Ninyi mliokaa darasani miaka mingi, mnaamini nini hasa? Sisemi yale tunayoyaandika kwenye andalio la somo tukisikia mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, yuko njiani. Nataka kile mnachokifanya Jumanne ya kawaida, asubuhi, hakuna mgeni.

Zamu_Kuu

Mdogo wangu, kwanza tawala darasa. Watoto 118 bila fimbo hawashikiki. Wiki mbili za mwanzo wakuogope, ukishapata utulivu ndipo ufundishe. Sisi tulifundishwa hivyo na tumesoma. Hayo mengine utajifunza mbele ya safari.

Mama_Kasulu

Karibu Kigoma mwanangu. Mimi ni Mha wa Buhigwe, nafundisha Kasulu, na kabla ya hapo nilikuwa shule za mwambao wa ziwa. Madarasa yangu ni ya chini, la kwanza hadi la tatu, tangu zamani kabla ya elimu bila ada ya 2016. Kiwango kinasema watoto 45 kwa darasa moja. Baada ya 2016 niliwahi kuwa na mkondo mmoja wa watoto wengi kuliko hao wako, kwa hiyo hiyo 118 hainishangazi.

Ninaloamini mimi ni moja, mengine nayajenga juu yake: kabla kengele haijalia, mwalimu awe ameshajua nani hajaelewa na kilichomkwamisha ni nini. Ukisubiri kuyajua hayo jioni kwenye rundo la madaftari, watoto wameshaondoka na kosa lao vichwani, na kesho andalio lako linakuambia uende mada nyingine.

Kwa hiyo hilo "mmeelewa?" liache kabisa. Mtoto wa miaka tisa akiulizwa na mkubwa kama ameelewa, atasema ndiyo. Amelelewa hivyo, huku kwetu Buha hasa, kumjibu mkubwa "hapana" ni utovu wa adabu. Anakuheshimu, hakudanganyi. Halafu hiyo sauti ya pamoja inabebwa na watoto wachache wa mbele. Siku moja omba ruhusa ukasimame nyuma ya darasa la mwenzako anapofundisha, uangalie midomo ya dawati la mwisho. Inafunguka na kufungwa, neno halitoki. Nilipoona hivyo sikuweza tena kuiamini kwaya.

Sasa utawajuaje? Dakika 40 ukizigawa kwa watoto 118 ni kama sekunde 20 kwa kila mmoja. Kumuuliza mmoja mmoja haiwezekani. Mimi natumia vibao. Mafundi seremala wa kijijini walitukatia mabaki ya plaiwudi, saizi ya daftari, tukapaka rangi ya ubao. Kibao kimoja, watoto wawili; leo anaandika huyu, kesho mwenzake. Kitambaa cha kufutia wanatoka nacho nyumbani. Naandika swali moja, wanafanya kimya, nahesabu hadi tatu, vibao vyote juu. Napitisha macho safu kwa safu.

Na swali lenyewe silichagui ovyo, napenda swali ambalo jibu la kosa linanieleza kosa limetoka wapi. Wewe uko kwenye kutoa, chukua 52 kutoa 27. Aliyeandika 25 amepata. Wa 35 amechukua namba ndogo akaitoa kwenye kubwa, saba kutoa mbili, hakujali ipi iko juu. Huyo ndiye atakuwa mwingi darasani kwako, nakuhakikishia. Wa 79 amejumlisha, alama hakuitazama. Wa 24 au 26 njia anaijua, vidole vimemchanganya. Wote hawa wangepata mkasi mwekundu, ile X ya kosa, wa aina moja kwenye daftari, na hakuna ambacho wangejifunza, kwa sababu shida zao ni tofauti. Wa 79 namgusa bega tu, anaona mwenyewe. Wa 35 nawaita mbele kwenye vijiti.

Vijiti ni mafungu ya kumi kumi, yamefungwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli. 52 ni mafungu matano na vijiti viwili pembeni. Mwambie atoe saba. Ataangalia vile viwili, atakuangalia wewe, ataviangalia tena. Nyamaza. Hapo ndipo walimu wengi tunawaharibia, tunasema "fungua fungu" kabla mtoto hajafikiri. Ngoja. Mmoja wao atafungua ule mpira, na sasa ana mafungu manne na vijiti 12. Atatoa saba, vitabaki vitano. Atatoa mafungu mawili, yatabaki mawili. Ishirini na tano. Wakishafanya kwa mikono mara kadhaa ndipo naandika ile hesabu ya kusimama ubaoni, na wanaona kwamba yale maandishi ni kile kile walichokifanya na vijiti.

Kungoja kuko hata kwenye maswali ya mdomo. Uliza kwanza, nyamaza, kisha taja jina. Ukianza na jina, wengine 117 wamepumzika. Usichague mikono iliyonyooshwa tu, hao wanajua tayari. Na ujifunze majina, yote 118. Itakuchukua muda, lakini mtoto anayeitwa "wewe wa sweta" hana sababu ya kukusikiliza.

Mwalimu Zamu_Kuu, kwa heshima zote kaka yangu, hili la fimbo sikubaliani nalo, na nalisema nikiwa mama mwenye darasa lililojaa. Kwanza kanuni: adhabu ya viboko ni ya mkuu wa shule au aliyemwidhinisha kwa maandishi, haizidi vinne, na inaandikwa kwenye daftari lake. Kutembea na fimbo darasani kufundishia 52 kutoa 27 hakumo popote. Pili, fimbo inaniharibia kazi yenyewe. Mtoto anayeogopa ataficha kibao, au atanakili cha jirani, na mimi nitaona 25 darasa zima na kuamini wameelewa. Nahitaji aninyanyulie ile 35 bila hofu, maana hiyo ndiyo habari ninayoitafuta. Kwangu akikosea, huwa namwambia "asante, hebu twende tukaione hii."

Kuhusu lugha. Darasa la tatu wengi wanasikia Kiswahili, lakini wapo waliokuja la kwanza na Kiha kitupu na bado wanakisia. Kiswahili ndicho cha kufundishia, lakini hakuna anayekukataza kumuuliza mtoto amesemaje na kumwomba mwenzake akueleze. Kaa na mama mmoja hapo jirani, jifunze maneno ya nyumbani: amazi (maji), inka (ng'ombe), inzu (nyumba). Siku watakayokusikia ukisema "inka" darasa litacheka kwa furaha, na wale wa dawati la mwisho wataanza kukuongelesha.

Kama kijiji chako kiko ziwani, pande za Ilagala au Sunuka, nakuongezea la mahudhurio. Wavuvi wa taa hupumzika mbalamwezi ikiwa kali. Giza likirudi, dagaa wanapatikana, na watoto wanashinda mwaloni, ufukweni wanakotua wavuvi, wakianika. Nilipokuwa mwambao nilijifunza kutoanza mada mpya siku hizo. Narudia, narekebisha, nasomesha hadithi. Mada mpya naianza mwezi ukiwa mkubwa, madawati yamejaa. Na kuzidisha nafundishia mafungu ya dagaa yale yale wanayoyapanga mezani kwa mama zao. Bei zake wanazijua kuliko mimi.

Hesabu_Urambo

Shikamoo mama. Nakusoma kutoka Tabora, Hisabati la sita na la saba. Vibao nimevipenda. Ila niulize bila kukuvunjia heshima: mada zitaisha lini? Ukikaa na vijiti siku tatu kwa ajili ya wale wa 35, azimio la kazi, ule mpango wa mada za mwaka, linakusubiri? Mwisho wa siku shule inapimwa kwa matokeo, na afisa elimu kata anauliza umefika mada ya ngapi. Huku kwetu msimu wa tumbaku ukifika ndiyo kabisa, nusu ya darasa iko shambani. Naona tukifuata njia yako tutafika la saba tukiwa nusu ya kitabu.

Mama_Kasulu

Marahaba mwanangu. Swali lako ni la haki, na shinikizo hilo nalijua.

Nami nikuulize wewe uliye juu. Hao wa la saba wanaoshindwa asilimia, ukikaa na mmoja kwa utulivu, si unakuta ni kuzidisha ndiko hakumo? Na asiyeweza kuzidisha, ukimrudisha nyuma kidogo, si unakuta anachora vijistari pembeni kujumlisha? Mada walimaliza zote, walimu wao walijaza maazimio yote. Hizo siku tatu nisipozitumia mimi darasa la tatu, utazitumia wewe la saba, na wewe huna vijiti wala nafasi. Na mtaala ulioanza kutumika 2024 unaipeleka elimu ya msingi kwenye miaka sita, kwa hiyo nafasi ya kuchelewesha inazidi kupungua.

Jambo la pili ni la imani, utaniwia radhi. Mwalimu Nyerere, ambaye alifundisha hapo hapo Tabora mjini baada ya kutoka Makerere, alisisitiza mwaka 1967 kwamba elimu ya msingi iwe imekamilika yenyewe, isiwe maandalizi ya sekondari tu. Mimi nalichukulia hilo kwa uzito. Katika wale 118 wapo watakaoishia shule ya msingi, watauza mawese na maharage Soko la Kasulu, watapimiwa na kurudishiwa chenji. Wakishindwa kutoa 27 kwenye 52 watapunjwa maisha yao yote. Hao ndio ninaowafikiria ninapoamua kukaa siku ya tatu.

Lakini usidhani naacha azimio. Dakika kumi za mwanzo za kila kipindi ni vibao, swali la jana na la wiki iliyopita. Mada ya siku inaanza baada ya hapo, na mara nyingi inakwenda haraka kwa sababu msingi upo. Afisa elimu kata akiuliza nimefika wapi namwonesha azimio, halafu namkaribisha aandike swali lolote ubaoni. Vibao vikinyanyuka anaona mwenyewe.

Zamu_Kuu

Mwalimu, hilo la mtoto kuficha kibao nimelielewa. Nitajaribu kipindi kimoja bila fimbo mkononi, nirudi kusema.

Mgeni_wa_Uvinza

Shikamoo mama. Nashukuru sana. Plaiwudi bado sina, kwa hiyo leo nimetumia kurasa za nyuma za madaftari, wakaandika kwa herufi kubwa na kunyanyua. Swali lilikuwa lile lile la 52. Wenye jibu la 35 nimehesabu zaidi ya arobaini! Na tuko mwambao kweli, la mwezi nimelikuta kwenye daftari la mahudhurio kama ulivyosema.

Swali la mwisho. Kwenye Kiswahili nina kama thelathini ambao hawajui kusoma kabisa, hata "ba" kwao ni shida. Nao wako la tatu. Nifanyeje na hawa wakati wenzao wanasoma hadithi?

Mama_Kasulu

Marahaba mwanangu. Umeanza vizuri.

Hao thelathini kwanza wasikilize, mmoja mmoja, nje ya darasa, wakati wenzao wananakili. Andika kwenye daftari lako nani hajui sauti za herufi, nani anazijua ila haunganishi, nani anaunganisha silabi ila neno refu linamshinda. Utaona si thelathini wa aina moja. Mafunzo ya KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) tuliyopata mkoani Kigoma wakati wa EQUIP-Tanzania, ule mpango wa kuinua ubora wa elimu, yalikazia sauti ya herufi kabla ya jina lake, na kwangu yamezaa matunda. Mtoto anayejua "mmm" na "aaa" anafika "ma" mwenyewe. Anayejua "em" anakwama.

Tengeneza kadi za silabi kwa maboksi, duka lolote watakupa. Wale wanaounganisha silabi wape maneno ya kwao: mama, maji, mawese, mitumbwi. Kila mmoja aketi na mwenzake anayesoma, dakika kumi na tano kila siku, na wewe chukua kundi la wasiojua sauti kabisa. Hao usimwachie mtu mwingine. Walimu wengi huwapa mwanafunzi hodari awafundishe, kisha mwalimu anabaki na wanaojua. Mimi nafanya kinyume, wanaojua nawapa kitabu, wasiojua wanakaa na mimi.

Ongea na mkuu wako akuachie nusu saa kabla ya kipindi cha kwanza. Wazazi wa hao thelathini waite, uwaambie wazi mtoto amefika wapi na anahitaji nini, bila kuwaaibisha. Wengi hawajui. Ripoti inasema nafasi ya 96 kati ya 118, haisemi kama anasoma.

Ukipata plaiwudi niandikie kabla fundi hajakata, nikupe vipimo. Ile nyembamba sana inapinda mvua zikianza.