Mrejesho: kupima uandishi wa watoto kwa kompyuta

Wakuu, niliuliza nitapimaje jinsi uandishi unavyokua kati ya darasa la nne na la saba, kwa insha za Kiswahili. AntConc, programu ya kutafuta na kuhesabu maneno kwenye maandishi, imetosha, tena ni ya bure. Kilichonitoa jasho ni kuchapa insha za mkono. Makosa ya tahajia nimeyaacha yalivyo, pembeni nikaweka nakala iliyosahihishwa ili utafutaji usiyaruke.

Ule ushauri niliopewa wa kupima msamiati kwa kugawa idadi ya maneno tofauti kwa jumla ya maneno yote ya insha, hapana. Insha ikirefuka uwiano hushuka wenyewe, basi darasa la saba wanaonekana maskini wa msamiati! Na kwa programu, "alipika" na "atapika" ni maneno mawili, ingawa kitenzi ni kimoja.

Nimehamia kwenye urefu wa kishazi kikuu pamoja na vitegemezi vyake, kipimo alichokitumia mtafiti Kellogg Hunt mwaka 1965 kwa wanafunzi wa Marekani. Hapo tofauti inaonekana: wadogo wanaunga kwa "halafu" na "kisha", wakubwa wanaleta "ingawa" na "ambaye". Virejeshi (viambishi vyenye maana ya "ambaye") vilivyojificha ndani ya kitenzi navisaka kwa alama ya nyota, inayosimama badala ya herufi zozote, mfano aliye* hunasa "aliyesoma", kisha napitia mstari kwa mstari. Inachosha, lakini inakwenda.